KADI ZA SAUTI ZA ZAMANI: IPI YA GEMU, IPI YA MUZIKI? (SOMA CHIPU, USISOME JINA)

Najua wengi wenu mnasoma hii mkiwa kafe na dakika zinahesabiwa, kwa hiyo sitazunguka mbuyu. Leo ni kadi za sauti za kompyuta za zamani, zile za kuanzia mwaka 1987 mpaka 1998 hivi. Ipi inafaa magemu, ipi inafaa muziki, na kwa nini kadi mbili zenye jina lile lile zinaweza kuimba tofauti kabisa.

Nianze na maumivu yangu. Mjomba alinipa kompyuta yake ya zamani, Pentium ya mwaka 1997, nzima ila haina kadi ya sauti. Nikaenda kwa jamaa mmoja wa skrepa hapa Dar. Chini ya meza yake kulikuwa na ndoo imejaa kadi za kila aina. Nikachambua, nikapata mbili za sauti. Ya kwanza inang'aa, ina jina kubwa ambalo kila mtu analijua (silitaji, maana kosa lilikuwa langu na si la kadi). Ya pili fupi, chafu, haina jina kabisa, ina chipu moja kubwa katikati imeandikwa YAMAHA YMF719. Mfukoni nilikuwa na elfu kumi tu. Jamaa akaniambia, "Kila moja elfu kumi, chagua mdogo wangu."

Nikachagua jina.

Nilipofika nyumbani nikawasha gemu. Milio ya bunduki safi, lakini muziki ulikuwa kama mtu anapiga masufuria ndani ya pipa. Nikaanza kusoma usiku kucha ndiyo nikagundua nilichokiacha kwenye ile ndoo. Niliporudi baada ya wiki mbili ndoo ilikuwa tupu. Kadi zote zimeshasagwa kwa ajili ya shaba na dhahabu kidogo iliyoko kwenye meno yake. Basi tena. Naandika ili wewe usirudie ujinga wangu, maana kadi hizi hazitengenezwi tena na kila mwezi zinapungua.

KWANZA TUELEWANE: KADI INAFANYA KAZI GANI?

Siku hizi tumezoea kwamba wimbo ni faili. Unabofya, sauti iliyokwisha kurekodiwa studio inatoka. Kompyuta yoyote ukiipa MP3 itatoa wimbo ule ule.

Zamani haikuwezekana. Dakika moja tu ya sauti ya kiwango cha CD inakula kama MB 10. Flopi ambayo gemu liliuzwa ndani yake ilibeba MB 1.44. Piga hesabu mwenyewe. Kwa hiyo watengenezaji wa magemu hawakuweka wimbo, waliweka maelekezo ya wimbo: piga noti hii, kwa chombo hiki, kwa muda huu, kisha noti ile. Anayepiga ni kadi.

Mfano wa kwetu. Chukua wimbo mmoja wa harusi. Mpe mtoto aupige mluzi. Halafu wape jamaa wa matarumbeta. Halafu wape kundi la taarab lenye fidla, kanuni na akodiani. Wimbo ni mmoja, lakini ukifumba macho utasema ni vitu vitatu tofauti. Kadi za sauti ndiyo hivyo hivyo. Gemu linatoa noti, kadi ndiyo bendi.

Sasa hizo bendi zilitumia njia tatu, na ukizielewa hizi tatu umemaliza nusu ya somo:

1. FM. Hapa hakuna chombo chochote kilichorekodiwa. Chipu inatengeneza wimbi la umeme, halafu wimbi jingine linalitikisa la kwanza kwa kasi, na kutokana na huko kutikisana inazaliwa sauti inayofanana na gitaa, kengele au besi. Mbinu hii iligunduliwa na John Chowning pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1967. Yamaha wa Japani wakachukua leseni, na mwaka 1983 wakatoa kinanda cha DX7 kilichotikisa muziki wa miaka ya themanini. Chipu za FM kwenye kadi za kompyuta ni wadogo zake DX7.

2. Sampuli. Hapa chombo halisi kimerekodiwa kwa kipande kifupi, mfano noti moja ya piano, kikahifadhiwa ndani ya kadi. Kadi inakivuta juu au chini kupata noti nyingine. Inasikika kama vyombo vya kweli zaidi.

3. Sauti ya kurekodiwa. Hii ni ya milio: mlango unafunguliwa, bunduki inalia, adui anapiga kelele. Inapigwa kama ilivyo.

Kadi moja inaweza kuwa na njia moja, mbili au zote tatu. Ndiyo maana mtu akikuuliza "kadi ipi bora?" na wewe muulize, "Bora kwa njia ipi?"

KABLA YA KADI

IBM PC ilipotoka mwaka 1981 ilikuwa na kispika kidogo ndani ya kasha, kinachotoa mlio mmoja tu kwa wakati mmoja. Biiip! Ukitaka besi na melodi kwa pamoja, utajijua. Watunzi wengine walifanya maajabu kwa kubadilisha noti haraka haraka mpaka sikio linadanganyika, lakini ilibaki kuwa mluzi wa mtoto.

ADLIB (1987)

Hawa ni Wakanada, kutoka Quebec. Aliyeanzisha kampuni alikuwa mwalimu wa muziki wa chuo kikuu, Martin Prével. Kadi yao ilibeba chipu ya Yamaha YM3812, ambayo wajuzi wanaiita OPL2. Sauti tisa kwa pamoja, FM tupu, mono. Haikutengenezwa kwa ajili ya milio ya kurekodiwa.

Tisa si nyingi, lakini ukitoka kwenye mlio mmoja ni kama umetoka kwenye baiskeli ukaingia kwenye daladala. Mwaka 1988 kampuni ya Sierra ya Marekani ilitoa gemu la King's Quest IV, muziki ukiwa umetungwa na William Goldstein, mtu wa muziki wa televisheni. Gemu hilo ni miongoni mwa ya kwanza kutumia kadi za sauti kwa umakini, na liliwafanya watu wengi waanze kuzitafuta.

Uzuri: ile FM yake ndiyo ladha ya magemu mengi ya mwishoni mwa miaka ya themanini. Ubaya: haina njia ya tatu. Mwaka 1992 kampuni ilifilisika, na aliyeipiku mtamkuta hapa chini.

ROLAND MT-32 (1987)

Hii si kadi, ni boksi la nje linalounganishwa na kompyuta kupitia kadi nyingine ya MIDI. Roland walilitengeneza kwa ajili ya wanamuziki. Lilichanganya vipande vya sampuli mwanzoni mwa noti na sauti ya kutengenezwa inayofuata, pamoja na mwangwi wake lenyewe. Lilisikika kama limetoka sayari nyingine. Bei yake ilikuwa mamia ya dola, yaani wachezaji wengi waliliona kwenye matangazo tu.

Magemu mengi ya Sierra, na kadhaa ya LucasArts, ya kati ya 1988 na 1992 yalitungiwa boksi hili hasa. Yaliweza hata kulipa sauti mpya na kuandika ujumbe kwenye kioo chake kidogo. Lakini angalieni: mpangilio wa vyombo vyake ni wa kwake peke yake. Ukipeleka muziki wa MT-32 kwenye mashine ya aina nyingine, palipotakiwa filimbi unapata kitu kingine kabisa. Watu wengi hudhani gemu limeharibika kumbe ni lugha mbili hazielewani.

SOUND BLASTER (1989 HADI 1992)

Huyu ndiye mbabe. Creative Technology ilianzishwa Singapore mwaka 1981 na Sim Wong Hoo (alifariki Januari 2023). Kadi yao ya 1989 ilikuwa na akili ya biashara. Walichukua chipu ile ile ya FM ya AdLib, kwa hiyo kila gemu la AdLib likapiga bila tatizo. Wakaongeza njia ya tatu, sauti ya kurekodiwa ya biti 8. Halafu wakaweka na tundu la joistiki, ambalo zamani ulilazimika kulinunulia kadi yake. Vitu vitatu kwenye sloti moja! AdLib hakuwa na jibu la haraka.

Familia iliendelea hivi:

Sound Blaster Pro (1991): ikaleta stereo. Toleo la kwanza lilikuwa na chipu mbili za OPL2, moja kulia na moja kushoto. Toleo la pili likaweka chipu mpya ya OPL3, yaani Yamaha YMF262, yenye sauti 18.

Sound Blaster 16 (1992): biti 16, sampuli 44,100 kwa sekunde, stereo, yaani kiwango cha CD. Hii ndiyo iliyoenea sana, na hata leo ukikuta mzigo wa kadi za zamani hukosi kuiona.

Sasa sikiliza vizuri maana hapa ndipo watu wanapopigwa. Moja, Sound Blaster 16 haifuati stereo ya Sound Blaster Pro. Gemu la zamani lililoandikiwa Pro litatoa milio kwa mono. Mbili, baadhi ya matoleo yake yana kasoro kwenye MIDI: ukiunganisha kifaa cha nje, noti inaganda, inalia "uuuuuu" mpaka uzime. Tatu, na hii ndiyo kubwa, zile za mwanzo zina OPL3 halisi ya Yamaha, lakini nyingi za miaka ya mwisho zina FM ya kuigiza inayoitwa CQM. Jina juu ya kadi halijabadilika. Bendi ndani imebadilika.

GRAVIS ULTRASOUND (1992)

Wakanada tena, safari hii Advanced Gravis, waliokuwa wanajulikana kwa joistiki. Kadi yao nyekundu ilikataa FM kabisa. Chipu yake, GF1, inachanganya sampuli hadi 32 kwa pamoja bila kuisumbua kompyuta. Ilikuja na kumbukumbu ya KB 256, unaweza kuongeza hadi MB 1, na wewe mwenyewe unapakia sampuli unazozitaka.

Hebu fikiria maana yake. Kwenye Sound Blaster ukitaka kuchanganya ngoma, besi na sauti ya mtu, prosesa ndiyo inayofanya kazi, na prosesa za wakati ule zilikuwa dhaifu. Kwenye Ultrasound kadi inabeba mzigo. Ndiyo maana vijana wa Ulaya ya Kaskazini waliokuwa wanatengeneza maonyesho ya kompyuta waliipenda kupita maelezo. Kundi la Future Crew la Finland lilitoa Second Reality mwaka 1993, na mpaka leo watu wanaiangalia. Programu za muziki kama Scream Tracker 3 na FastTracker 2 zilikaa nayo kama chai na chapati. Vijana hao hawakuwa na studio. Walikuwa na kompyuta, sampuli chache na usiku mrefu. Nadhani kuna wadau hapa wanajiona kwenye hilo.

Ubaya: haina FM, kwa hiyo kwenye magemu yanayotaka AdLib au Sound Blaster tu inabidi utumie programu ya kuigiza, na hiyo inafanya kazi kwa kubahatisha. Pia ukiwasha sauti zote 32, ubora unashuka kutoka sampuli 44,100 hadi kama 19,200 kwa sekunde.

SOUND CANVAS SC-55 NA AWE32

Mwaka 1991 makampuni yalikubaliana kiwango kimoja kinachoitwa General MIDI: vyombo 128, namba zile zile kwa kila mtu. Namba 1 ni piano kokote uendako. Ule ugomvi wa lugha mbili ukaisha. Roland wakatoa SC-55 mwaka huo huo, na watunzi wengi wa magemu wakaifanya kuwa kipimo. Muziki wa Doom (1993), alioutunga Bobby Prince, watu wengi wanaamini unakaa vizuri zaidi kwenye SC-55 kuliko kwenye kitu kingine chochote. Nami naungana nao.

Creative walijibu mwaka 1994 na AWE32. Mwaka 1993 walikuwa wameinunua kampuni ya E-mu, mabingwa wa sampuli, na chipu yao ya EMU8000 ikaingia kwenye kadi: sauti 32, na sehemu za kupachika RAM ya kawaida hadi MB 28 itumike kwa sampuli zako. Kwa muziki ni bomba. Kwa magemu ya DOS ina mushkeli, maana gemu lisiloifahamu AWE moja kwa moja linahitaji programu ya AWEUTIL, na magemu mengi ya baadaye yaligoma kuelewana nayo.

KADI ZA "WASIOJULIKANA"

Hapa sasa ndipo ndoo yangu inapoingia. Katikati ya miaka ya tisini Yamaha wenyewe walitengeneza chipu za bei nafuu, YMF718 na YMF719, wakaziuzia viwanda vidogo vilivyotengeneza kadi zisizo na jina. Ndani yake kuna OPL3 halisi, inafuata Sound Blaster Pro pamoja na stereo yake, na MIDI yake haina ule ugonjwa wa noti kuganda. Kadi ya kimaskini, sauti ya kitajiri!

Nyingine ni za ESS, zimeandikwa AudioDrive, mfano ES1868. Hizi hazina OPL3 ya Yamaha, lakini FM yao ya kuigiza inaheshimika, na kuziseti ni rahisi. Ukiikuta usiidharau.

SOUND BLASTER LIVE! (1998)

Hii ni ya PCI, sloti fupi nyeupe, tofauti na zote za juu ambazo ni za ISA, sloti ndefu nyeusi (zile za nje kama MT-32 hazihesabiwi hapa). Chipu yake EMU10K1 inapakia sampuli kwenye RAM ya kompyuta yenyewe, kwa hiyo huhitaji kununua kumbukumbu ya kadi. Kwa muziki ndani ya Windows za wakati ule ni nzuri sana kwa bei. Kwa magemu ya DOS isahau kwa kiasi kikubwa, kwa sababu magemu hayo yanategemea njia za ISA ambazo PCI inaziigiza tu.

Baada ya hapo sauti ikahamia kwenye madabodi. Kiwango cha AC'97 cha Intel kilitoka 1997, na miaka michache baadaye watu wengi hawakuona tena sababu ya kununua kadi.

SASA IPI YAKO?

Jiulize unataka nini, halafu soma mstari wako:

Magemu ya 1987 hadi 1992: tafuta kadi yenye OPL3 halisi inayofuata Sound Blaster Pro. YMF719 inatosha kabisa. Ukibahatika na MT-32 ya pembeni, wewe ni mfalme.

Magemu ya 1993 hadi 1996: Sound Blaster 16 ya mwanzo kwa milio, na SC-55 au kitu cha General MIDI kwa muziki.

Kutengeneza midundo kwa mtindo wa zamani: Gravis Ultrasound kama utaipata, ila watoza wanazigombania na bei haishikiki. AWE32 ni ya pili. Sound Blaster Live! ndiyo rahisi kupatikana kuliko zote tatu.

Vyote viwili kwa kompyuta moja: weka mbili! ISA moja ya magemu, PCI moja ya muziki. Hakikisha tu hazigombanii namba.

Nitasemaje kuhusu namba? Kadi ya ISA inataka anwani, IRQ na DMA, na gemu lazima lijue. Kwenye faili la AUTOEXEC.BAT unaandika hivi:

SET BLASTER=A220 I5 D1 H5 T6

A ni anwani, I ni IRQ, D ni DMA, H ni DMA ya biti 16, T ni aina ya kadi. T6 ni ya Sound Blaster 16. Kama kadi yako ni ya aina ya Pro, toa H5 na uandike T4. Gemu likikosa milio, asilimia kubwa tatizo liko hapa, kadi ni nzima.

UKIWA MBELE YA NDOO, FANYA HIVI

1. Angalia meno. Marefu yenye mapengo machache makubwa ni ISA, madogo madogo ni PCI. Angalia kompyuta yako ina sloti gani kabla hujatoa hela.

2. Soma chipu, usisome jina. Tafuta maandishi YM3812 (OPL2), YMF262 (OPL3), YMF718 au YMF719. Kwenye kadi za Creative tafuta namba inayoanza na CT. CT1747 ina OPL3 halisi ndani. CT1978 ni ile CQM ya kuigiza.

3. Beba simu yenye tochi na kamera. Maandishi ya chipu yanafifia, piga picha, kuza.

4. Usiipachike kompyuta ikiwa inawaka. Futa meno kwa kifutio cha penseli, pangusa vumbi, gusa chuma cha kasha kwanza ili umeme wa mwilini utoke.

5. Huna uhakika? Mwambie muuzaji akuwekee mpaka kesho, nenda kasome. Mimi sikufanya hivyo, nikanunua jina.

HUNA KOMPYUTA YA ZAMANI? SIKILIZA HAPO HAPO ULIPO

Kuna programu ya bure inaitwa DOSBox, imekuwepo tangu 2002, inaingia kwenye fleshi. Inaigiza AdLib, Sound Blaster zote nilizozitaja mpaka 16, na Gravis. Chukua Doom ya majaribio, sehemu ya kwanza, ambayo ni ya bure. Muombe mhudumu wa kafe ruhusa, vaa hedifoni, halafu fungua SETUP ya gemu. Utaona orodha ya kadi za muziki.

Chagua AdLib kwanza. Sikiliza ukurasa wa kwanza wa gemu, halafu hatua ya kwanza. Toka, rudi SETUP, chagua General MIDI. Sikiliza tena. Gitaa lile lililokuwa linakwaruza kama nyuki sasa linakuwa gitaa. Noti ni zile zile!

Na hapa kuna siri: Windows ina sinthesaiza yake ndogo ya MIDI, na sampuli zake Microsoft walizichukua kwa leseni kutoka Roland. Yaani kwenye mashine ya kafe mbele yako kuna binamu maskini wa Sound Canvas, amelala tu, hajaamshwa na mtu. Akitaka mwenye kompyuta nyumbani kwenda mbali zaidi, toleo la DOSBox Staging linaigiza hata MT-32.

Mtu atauliza, kama programu inaigiza yote, kadi za nini? Swali zuri. Kwa mchezo wa jioni moja huhitaji kadi. Lakini waandishi wa hizi programu walijuaje AdLib inalia vipi? Walikuwa na AdLib mezani, wakalinganisha mlio kwa mlio. Kila kadi inayosagwa ni kipimo kimoja kimepotea. Na kompyuta ya mjomba, ambayo haina nguvu ya kuigiza chochote, inapiga muziki huo bila jasho ikipata kadi ya kweli. Kompyuta ambayo wengine wameshaihesabu kuwa takataka inakuwa chombo cha muziki.

Mpaka leo sijapata YMF719 nyingine. Ninazunguka kwa wauza skrepa kila nikipata nafasi, na sasa wananijua, wananiita "mzee wa kadi" na mimi hata ndevu sina. Wiki iliyopita mmoja kanipa ESS bure kabisa, kasema haina jina haitauzika. Nimeipachika, Doom inalia vizuri, mjomba amekuja kusikiliza akashika kiuno: "Hii ndiyo ile kompyuta yangu?" Ndiyo yenyewe, mjomba.

Haya wadau, kama kwenu kuna kompyuta ya zamani stoo, ifungue kabla hujaiuza kwa kilo. Niandikieni hapo chini namba mliyoikuta kwenye chipu, nitawaambia ni bendi gani. Na wale mtakaosema Gravis ni bora kuliko SC-55 kwenye Doom, karibuni, uwanja ni wenu, ila matusi hapana.

Tuko pamoja.